Salama, Ila

Kazi yangu ni kusema neno moja kati ya mawili, na siku ninayotaka kuwasimulia nililisema kabla ya wakati wake.

Nilifika Mwanzumbi saa tatu asubuhi jino likiniuma. Lilikuwa gego la chini, lenye ufa. Sisi tuliokulia kwenye maji ya floraidi tuna meno ya rangi ya chai, na meno hayo hayana subira. Unatafuna karanga, yanameguka. Miguu nayo ina mambo yake. Wangu wa kulia umenyooka, wa kushoto uliamua kwenda zake tangu nikiwa darasa la tatu. Watu wakiniona nashuka kwenye pikipiki ya umeme na mkoba wa vipimo huwa wanautazama mguu kwanza, halafu mkoba. Nimezoea.

Njiani nilikuwa nimepita uyoga wa kijiji cha jirani. Kisima kikifungwa humiminwa gundi, na gundi hiyo huumuka kama unga wa maandazi, ikajaa, ikapanda, ikatokeza juu na kukaukia hapo. Kinachobaki ni duara la kijivu katikati ya uwanja, na hakuna sululu wala mtalimbo unaoingia. Watu wanaliita uyoga. Katika miaka yangu kumi na mmoja kazini nilikuwa nimeshaotesha kumi na tisa, na sikuwa nimekosea hata mmoja.

Kisima cha Mwanzumbi kilikuwa kipya. Mtu mmoja, Buyegu, alikichimba kwa mkono wake, mita kwa mita, miezi kumi na minne. Alipofika mita ya ishirini na sita hewa ilimwishia. Walimvuta juu kwa kamba ile ile aliyokuwa akipandishia udongo. Baada ya arobaini mdogo wake akashuka, akamalizia mita moja iliyobaki, na maji yakatoka. Tangu siku hiyo kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mfuniko wa chuma, kikinisubiri mimi, na kijiji kizima kiliendelea kuteka kwenye mashimo ya mtoni, ambako mwaka uliotangulia kipindupindu kilikuwa kimewazoa watu kumi na mmoja.

Ufunguo wa mfuniko alikuwa nao mjane wa Buyegu. Wote walimwita Mayu Nyanzobe, yaani Mama Nyanzobe kwa Kisukuma, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinifungulia, akarudi nyuma hatua thelathini kama sheria inavyotaka, akasimama na wanawake wengine na ndoo zao tupu.

Nikamfunga Shahidi kwenye ukingo wa kisima.

Shahidi ni kisanduku kinacholingana na mkate wa gramu mia nane. Zamani, katika Miaka ya Kiu, mashine zilipima na mashine zikaamua, mpaka wajanja wakajifunza kuzisemesha. Visima vibovu vikapewa vyeti, vizima vikafungwa, watu wakazikwa. Ndipo Baraza la Visima likapitisha sheria kwamba namba ni ya mashine lakini neno ni la mtu. Ofisi siku hizi haitaki hata kuiona namba. Inataka koo la mpimaji aliyeapishwa, lisimame mdomoni mwa kisima na kusema "salama" au "si salama". Shahidi anaitambua mitetemo ya koo lako, hadanganyiki kwa kanda wala kwa pacha wako. Ukisema "salama", kisima kinapata muhuri wa miaka saba. Ukisema "si salama", gundi inamwagika saa ile ile. Habishi, haulizi, na neno la tatu hana.

Mkufunzi wetu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: ng'ata kitu. Sikio la Shahidi hufunguka lenyewe kipimo cha mwisho kikiisha, na nchi hii watu wake wanasalimiana. Kwa hiyo wapimaji wote hufanya kazi wameng'ata kitu. Mwenzangu mmoja hung'ata kizibo cha chupa. Mimi hung'ata mswaki wa mti. Vijijini wanatuona wajeuri, watu wasioitikia salamu. Bora ujeuri.

Siku ile, kwa sababu ya gego, niliutoa mswaki nikauchomeka nyuma ya sikio.

Nikapima. Vimelea, hakuna hata kimoja. Nitrati, kidogo sana. Maji yalikuwa meupe, baridi, hayana harufu, na nikaanza kufurahi, jambo ambalo mpimaji mzoefu hapaswi kulifanya. Kisha nikadondosha dawa nyekundu ya floraidi. Maji yakiwa mazuri wekundu unabaki. Hapa wekundu ulififia nikiuangalia, ukawa rangi ya chungwa, ukawa njano. Sita nukta nne. Kikomo ni moja na nusu.

Niliyajua maji yale. Niliyanywa miaka kumi na sita na ndiyo niliyokuwa nimeyabeba mguuni.

Nikasikia nyayo nyuma yangu. Mayu Nyanzobe alikuwa amechoka kusubiri, akaja. Nikageuka.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

Marehemu mama yangu alinilea vizuri, na hapo ndipo penye msiba. Alinifundisha kwamba hata kama ndani kuna maiti, mtu akikuuliza habari unaanza na "salama". Ukishamtuliza ndipo unaweka "ila". Salama, ila baba ametutoka. Salama, ila ng'ombe wote wameisha. Anayeanza na baya ni mtu aliyekosa malezi.

"Salama," nikasema, "ila..."

Kengele ikalia. Nilipogeuka taa ya Shahidi ilikuwa ya kijani.

Wanawake walipiga vigelegele mpaka nikahisi vinanigonga mgongoni. Komeo la ndani, linaloshikilia kapi mpaka neno lisemwe, likajifungua, kapi likalia, ndoo ikashuka, na kabla sijapata pumzi ndoo ikapanda imejaa. Aliyekuwa wa kwanza kuishika alikuwa mwanamke kijana, mjamzito wa miezi ya mwisho, jina lake Ng'washi. Hakutafuta kikombe. Aliinama akanywa ndooni kwa mikono yote miwili, maji yakimtiririka kifuani, akilia na kucheka. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Ningeweza kusema pale pale. Sheria inatoa siku tatu, na sisi tunaziita toba: unarudi kisimani, unachomeka ufunguo wako kwa Shahidi, unasema "si salama". Kisima kinaota uyoga na wewe unavuliwa koo, ndivyo tunavyoita kupokonywa leseni. Nilijiambia nimenyamaza kwa sababu ya leseni. Nilijidanganya. Nilinyamaza kwa sababu nilimwona yule mwanamke anakunywa.

*

Jioni ile Mayu Nyanzobe alinikaribisha kwake. Aliniletea ugali wa mtama na mlenda, akaweka kikombe cha maji mbele yangu, akakaa kwenye kigoda akinitazama. Nilikula. Kikombe sikukigusa.

"Kunywa," akasema.

"Nitakunywa, mayu."

"Mtu aliyesema maji ni salama anaogopa kuyanywa?" Akakisogeza kikombe kidole kimoja. "Mimi nilikuwa karibu nawe kuliko wote. Nilisikia ila. Ila nini?"

Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Watu wote wa Mwanzumbi walikuwa wamesikia neno moja, na bibi mmoja tu ndiye aliyesikia mawili.

Nikamwambia. Nikamweleza sita nukta nne ni nini, kwamba floraidi haionekani, haina ladha, ukichemsha haiondoki bali inazidi kukolea. Kwamba mtu mzima mwenye mifupa iliyokomaa huchelewa kuumia, lakini mtoto wa tumboni na wa mgongoni ndiye anayejengwa nayo. Nikafunua meno yangu. Nikavuta gauni nikamwonyesha goti.

Aliliangalia goti kwa muda mrefu. Akaniuliza kama linauma. Nikasema linauma wakati wa baridi.

"Buyegu alikuwa akishuka asubuhi, anapanda jua likizama," akasema. "Nikimkanda mgongo namwambia acha, mume wangu, hapo hapana maji. Ananiambia, nachimba ili watoto wa hapa wasimame. Hivyo hivyo. Wasimame." Akakichukua kile kikombe, akamwaga maji kwenye shina la mpapai wake, taratibu, bila kulowesha miguu. "Hakushuka kule akafa ili wapinde. Una siku ngapi?"

"Tatu. Leo imeshakwisha moja."

"Basi kauseme ukweli."

"Nikisema kisima kinakufa, mayu. Watarudi mtoni."

"Najua watakaporudi. Mimi ndiye niliyewaosha watoto waliokufa." Sauti yake haikupanda. "Sijakwambia ni rahisi. Nimekwambia kauseme."

*

Siku ya tatu nilifika kisimani saa tatu asubuhi. Toba ilikuwa inaisha saa sita kamili mchana. Kabla ya kuchomeka ufunguo niliwaita wanawake wote waliokuwa kwenye foleni, kama arobaini hivi, na kuwaambia kila kitu: namba, kosa langu, salamu, ila. Sikuficha kitu. Niliwaonyesha meno na mguu kama mtu anayeuza bidhaa mbovu.

Kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo ulituitikia salamu, ukatupa sumu?"

"Ndiyo."

"Na kama ungekuwa jeuri kama wenzako?"

"Kisima kingefungwa siku ile ile."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mwingine alinitukana tusi zito la Kisukuma, na nililistahili. Mwingine akataka tufunge, kwamba afadhali mtoni, kipindupindu kina dawa. Mayu Nyanzobe alisimama kando na ufunguo wake shingoni. Alikuwa ameshasema lake.

Ndipo Ng'washi akajipenyeza mbele, mkono mmoja tumboni. Hakunitukana.

"Dada, hiyo miguu inapinda kwa muda gani?"

"Miaka. Mitano, kumi."

"Mtu anatembea nayo?"

"Nimekuja hapa nikitembea."

"Mwanangu alikuwa na miaka miwili," akasema. "Alianza kuharisha Alhamisi, tukamzika Ijumaa. Hakuwahi kufika umri wa kupinda miguu." Akaupiga mguu wangu wa kushoto kwa kiganja, polepole, kama mtu anayekagua ndama mnadani. "Ningepewa huu kwa ajili yake ningeupokea kwa mikono miwili. Usiniambie mimi habari ya salama."

Kitu pekee nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya darasani: mifupa ya ng'ombe, ikichomwa kwenye tanuri lisilopitisha hewa, ikasagwa, maji yakapitishwa humo, hunasa floraidi. Haifuti yote, na mkaa huo lazima ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu la sivyo unageuka kuwa mchanga tu. Baraza liliwahi kuufikiria likauacha, kwa sababu sheria ya maneno mawili haina mahali pa kuandika "salama wakibadilisha mkaa". Niliwaambia. Nikawaambia utatosha mtungi mmoja au miwili kwa siku, wa wajawazito na watoto, wengine wanywe hivyo hivyo.

"Mifupa ya ng'ombe aliyechinjwa au kibudu?" akauliza bibi mmoja, na kwa mara ya kwanza siku ile watu wakacheka.

Sikuwaomba wapige kura. Koo lilikuwa langu, na kuwatwisha wao uamuzi ungekuwa ujanja wa kunipunguzia mzigo. Nikachomeka ufunguo. Taa ya bluu ikawaka, ishara kwamba sikio la Shahidi liko wazi. Nikauchukua mswaki nyuma ya sikio, nikaung'ata, nikakaa chini.

Nimekaa kwenye misiba mingi, sijawahi kukaa saa mbili ndefu kama zile. Watu walipita wakinisalimu, wengine kwa kunijaribu, wengine kwa mazoea. Sikuitikia hata mmoja. Nilimtazama Ng'washi aliyekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, nikamtazama Mayu Nyanzobe aliyesimama, na kila nilipotaka kufungua kinywa niseme yale maneno mawili nilizidi kung'ata. Karibu na saa sita nilisikia kitu kikivunjika na mdomo ukajaa damu. Gego lilikuwa limepasuka katikati.

Taa ya bluu ikazimika. Ya kijani ikabaki.

Mayu Nyanzobe alinipa maji ya kusukutua, ya kisima kile kile. Nikasukutua, nikatema. Safari hii nikayanywa yaliyobaki.

*

Miaka saba si mingi ukiihesabu kwa mitungi. Kila baada ya miezi mitatu, kwenye likizo yangu, nilikuja Mwanzumbi kupima mtungi wa watoto. Ofisini walidhani nina mchumba huko. Mkaa ukiwa mpya namba ilishuka mpaka moja. Ukichoka ilipanda, nikawagombeza, wakaubadilisha. Ng'washi alijifungua salama wiki ile ile ya toba, mtoto wa kike, na hakuugua tumbo la mtoni maishani mwake. Hapajazikwa mtoto wa kuharisha Mwanzumbi tangu hapo. Hilo nalisema kwa sauti ya juu kila ninapokosa usingizi.

Sisemi kwa sauti habari ya mwaka wa nne. Mvua ziligoma, wanaume wakahamisha ng'ombe kusini, na kwa miezi minane hapakuwa na mifupa. Nilipima mtungi nikakuta sita. Nilikuwa na namba mkononi na mdomo usoni, na nilinyamaza tena, kwa sababu mashimo ya mtoni nayo yalikuwa yamekauka na kubaki tope. Kunyamaza mara ya pili ni kwepesi kuliko ya kwanza. Ndicho kinachonitisha.

Mayu Nyanzobe alifariki mwaka uliofuata. Hakunifukuza kwake hata siku moja, alinipikia kila nilipofika. Lakini tangu ile siku ya tatu hakuniuliza tena habari za kazi. Aliniambia tu, "Umefika," akaniwekea kigoda.

Juzi muhuri uliisha, nikaenda kuufanya upya. Ng'washi alinipokea mkoba. Binti yake alikuja akikimbia kutoka shule, miguu miwili imenyooka, namshukuru Mungu, akasimama mbele yangu akihema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu fungua mdomo."

Meno ya utoto ya mbele yalikuwa yameng'oka na mawili ya ukubwani yalikuwa yameota, mapana, yakimzidi uso kama ilivyo kwa watoto wote wa umri huo. Nilimgeuza juani. Yalikuwa meupe. Katikati yake, kutoka jino moja hadi la pili, ulipita mstari mwembamba wa rangi ya chai. Ilikuwa miezi minane, nikaitambua yote.

"Mstari tu huo, dada," Ng'washi akasema nyuma yangu, haraka mno. "Hauumi. Wa kwanza wangu hakuwahi kuota meno hayo."

"Na miguu usiku?"

Akamtazama binti yake kwanza. "Anasema magoti yanamchoma. Mara moja moja."

Nikamfunga Shahidi. Nikapima vimelea, nikapima nitrati, nikadondosha dawa nyekundu na kuitazama ikigeuka njano kama nilivyojua itageuka. Mswaki ulikuwa nyuma ya sikio na sikuugusa. Ng'washi alikuwa amesimama hatua thelathini, viganja vimebana kanga. Binti yake hakujua sheria za hatua. Alikuja mpaka ukingoni, akaegemea mguu wangu uliopinda, akachungulia kisimani alimofia Buyegu. Taa ya bluu ikawaka.

Ng'washi alimwita kwa sauti ya woga, "Salama! Salama, rudi huku!" Ndilo jina alilompa. Shahidi hakushtuka, koo halikuwa langu.

Mtoto hakurudi. Aliinua uso, akatabasamu na yale meno yake, akaniuliza kama alivyofundishwa kuwauliza wakubwa walio kazini.

"Habari za kazi, shangazi?"

Nikamjibu kama mama yangu alivyonilea. Kengele ililia kabla sijafika kwenye ila.